Historia iliyo ndani ya hati ya shamba

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia

  Mlitarajia tuongee juu ya mikopo na mabomba ya maji. Tutafika huko. Lakini tumekubaliana ofisini kwamba kwanza tuzungumze historia, na si kwa sababu tumekosa la kusema.

Sisi tunaotembelea vikundi tumeona jambo moja mara nyingi. Mradi wa maji unakwama. Mabomba yapo, fundi yupo, mchango umelipwa. Anayekataa ni mzee mmoja tu, hataki bomba lipite shambani kwake. Mwenyekiti anasema huyu ni mzee mkaidi. Basi tunakwenda kumwona, tunakunywa chai yake, tunaongea habari za ng'ombe na mvua, na mwishowe anasema, "Hapo bomba linapotoka palikuwa kwa baba yangu." Kumbe shida yake haikuwa bomba.

Kikundi kingine kinataka mkopo, lakini hati za mashamba za wanachama karibu wote zina jina la babu aliyekufa zamani. Cha tatu ni akina mama wa kijijini ambao hawana hata mahali pa kuweka kitalu cha miche, kwa maana kijiji chenyewe hakina karatasi. Mambo haya matatu tumekuwa tukiyaandika kwenye ripoti kama shida tatu. Lakini mama yao ni mmoja. Yalizaliwa na ugomvi wa watu wa mlima huu na wageni waliokuja kuanzia 1902, na ugomvi wa watu wa mlima wao kwa wao. Na ugomvi huo ulipoandikwa kwenye daftari la ardhi, upande mmoja haukuwapo kuandikiwa.

Hebu tuanze mbali kidogo.

Kabla ya serikali ya kikoloni, shamba huku lilikuwa la mbari, yaani ukoo uliotokana na mtu aliyelifyeka au kulinunua. Lilikuwa na mwangalizi wake, muramati, lakini hakuwa mwenyewe peke yake. Mpaka ulipandwa matoka, yale maua mnayoyajua, na wazee walitembea juu yake mbele ya mashahidi. Asiye na ardhi aliomba mahali pa kulima akawa muhoi. Hakulipa kodi ya pesa, alitoa heshima na pombe na kusaidia kazi. Hatusemi kulikuwa na raha tupu. Muhoi aliweza kufukuzwa, na mwanamke alilima alichoonyeshwa na mumewe. Lakini kila mtu alikuwa na mlango wa kuingilia kwenye ardhi.

Na majirani? Tulipigana na Wamasai, tukaibiana ng'ombe, tukaoana. Hata vita vikiwaka akina mama walivuka na mizigo yao ya vyakula kwenda kubadilishana kwa ngozi na maziwa, na hakuna aliyewagusa, kwa sababu pande zote mbili zilihitaji soko. Huo ulikuwa uhasama wa watu wanaojua kwamba kesho watakutana tena.

Desemba 1902 Waingereza walijenga ngome yao Nyeri. Afisa mmoja kijana, Richard Meinertzhagen, alipigana na watu wa Tetu mwezi huo, na mwaka wa 1904 akaenda kuwapiga watu wa Iriaini. Shajara aliyoacha inasifika, lakini wanahistoria wametuonya kwamba alikuwa mtu wa kujitungia mambo. Hata hivyo kwamba nyumba zilichomwa na mifugo kuchukuliwa, hilo hakuna anayelibisha.

Tunataka mtazame ni nani alikuwa upande gani. Waingereza hawakuja na jeshi kubwa. Walikwenda na Wamasai kuwapiga Wakikuyu, na huku Nyeri walisaidiwa na Wang'ombe wa Ihura, kiongozi aliyeona afadhali awe karibu na mgeni mwenye bunduki kuliko kuwa mbele yake. Usimhukumu haraka. Yeye alikuwa na maadui wake wa siku nyingi, na hakujua, wala hakuna aliyejua, kwamba mgeni hatarudi kwao. Lakini tangu siku ile ya kwanza habari ya huku haikuwa mweusi na mweupe tu. Kulikuwa na wa tatu kila mara, na yule wa tatu ndiye aliyeamua nani ashinde.

Wamasai nao waliosaidia walipata malipo gani? Agosti 1904 walitia sahihi mkataba na serikali, wakatolewa Bonde la Ufa ili masetla wapate nafasi, na wengi wakapelekwa Laikipia. Waliahidiwa kwamba ardhi hiyo itakuwa yao maadamu Wamasai wapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba tu. Mwaka wa 1911 mkataba mwingine uliandikwa, na kufikia 1913 walikuwa wamesukumwa kusini, watu na ng'ombe, ili Laikipia nayo iwe ya masetla. Ndugu zetu wa Nanyuki, ardhi mnayoiona nyuma ya nyaya kule ndiyo hiyo. Wamasai wa kaskazini, chini ya kiongozi wao Legalishu, walifanya jambo la kushangaza kwa wakati ule: walitafuta wakili wakaenda kortini. Wakashindwa mwaka huo wa 1913. Hakimu hakusema mkataba ni wa uongo. Alisema ni mkataba kati ya dola mbili, kwa hiyo korti haina uwezo wa kuusikiliza! Walipotakiwa kuhama walikuwa raia wa kutawaliwa, walipodai haki wakawa taifa la kigeni.

Mwanakikundi mmoja alituuliza kama mambo haya yalitokea kwetu tu. Hapana. Kule Kanada Wafaransa na Waingereza walipigana juu ya nchi ya wenyeji, na wenyeji nao walikuwa wamegawanyika, wengine na Wafaransa, wengine na Waingereza. Waingereza waliuteka mji wa Quebec mwaka wa 1759. Mwaka wa 1763 mfalme wao alitangaza kwamba ardhi ya wenyeji isinunuliwe na mtu binafsi, ila kwa mapatano na serikali. Ahadi nyingi zilivunjwa kule pia, na watu waliumia sana. Lakini karatasi zile hazikuzikwa. Katiba ya Kanada ya 1982 ilizitambua haki za mikataba hiyo, na wenyeji wanazipeleka kortini na mara nyingine wanashinda. Huku kwetu mlango ule ulifungwa mwaka wa 1913 na hesabu ikabaki moyoni. Ndiyo tofauti.

Turudi Nyeri. Wageni wetu wenyewe hawakuwa kabila moja. Wamisionari Waitaliano wa Consolata walifika Tuthu, kule Murang'a, Juni 1902, wakakaribishwa na Karuri wa Gakure, na muda mfupi baadaye walikuwa Nyeri. Waskoti walianzisha Tumutumu mwaka wa 1908. Hawa wawili hawakupendana. Kila mmoja alikimbilia kuweka shule kwenye mgongo wa mlima kabla ya mwenzake, na ndiyo maana hata leo unavuka mto mmoja mdogo na kujikuta umetoka kwa Wakatoliki umeingia kwa PCEA. Vikundi vyetu vingine vimekataa kuungana mradi mmoja wa maji kwa sababu hiyo tu, ingawa mto ni mmoja na kiu ni moja.

Mwaka wa 1929 Waskoti na misheni nyingine za Kiprotestanti waliwadai Wakristo wao waweke alama ya kidole, kirore, kwamba wanakataa kutahiri wasichana na wanajitenga na chama cha KCA. Sisi leo tunafundisha wazi kwamba kukeketa wasichana ni vibaya, na sheria ya 2011 inakataza. Lakini jinsi jambo lile lilivyofanywa, kwa amri na kwa kidole, liliingiza siasa ya ardhi ndani ya kanisa. Watu walisema: leo wanataka kidole changu kwa mambo ya nyumbani, kesho watakitaka kwa shamba. Maelfu walitoka. Wakajenga shule zao wenyewe, za KISA na za Karing'a, kwa mikono yao, bila senti ya serikali. Akina mama walibeba mawe na mchanga. Wanavikundi, mkitafuta kwamba harambee ilianza wapi huku kwetu, msianze na uhuru. Anzeni pale.

Halafu tukaona wazungu wakifungana wao kwa wao. Juni 1940 Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza, na mapadri wengi wa Kiitaliano wakawekwa kizuizini. Baadaye wakaletwa mateka wa vita, maelfu kwa maelfu, wengine wakawekwa kambi ya Nanyuki. Watatu kati yao, akiwemo Felice Benuzzi, walitoroka Januari 1943 wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini! Watu wanasimulia hadithi hiyo kwa kucheka. Lakini fikiria mkulima aliyewaona Waingereza wakimfunga padri aliyembatiza. Na fikiria vijana wetu kama Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyepelekwa Burma kumpigania mfalme. Askari mzungu aliporudi alitengewa shamba la kununua kwa mkopo. Itote aliporudi alikuta kipande chake kinamngoja.

Sasa tumefika mahali pagumu, na tunawaomba wazee mtuvumilie.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Siku mbili baadaye Chifu Mkuu Nderi, mwana wa Wang'ombe yule tuliyemtaja, aliuawa hapa Nyeri alipokwenda kutawanya mkutano wa kiapo. Kwa hiyo vita vilianza na damu ya Mkikuyu iliyomwagwa na Mkikuyu, na vikaendelea hivyo. Hesabu ya serikali yenyewe inaonyesha: masetla raia waliouawa walikuwa 32. Waafrika raia waliouawa na wapiganaji walizidi 1,800. Wapiganaji waliouawa walizidi 11,000, na zaidi ya 1,000 wakanyongwa kwa hukumu ya korti. Waliokufa kwa njaa na maradhi vijijini na kambini hawamo katika hesabu hiyo. Tunaposema "vita vya Mwafrika na Mzungu" tunasema kweli, kwa maana chanzo kilikuwa ardhi na utawala. Lakini hatusemi kweli yote.

Chukueni habari ya Dedan Kimathi, mtoto wa Tetu aliyesoma Karuna-ini na Tumutumu. Aliyempiga risasi na kumkamata asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956 alikuwa askari wa kikabila, Mkikuyu mwenzake, si mbali na kwao. Alitibiwa hospitali ya Nyeri, akashtakiwa hapa hapa mjini Nyeri mwezi wa Novemba kwa kupatikana na bastola. Jaji alikuwa Mwingereza, Kenneth O'Connor. Wazee waliokaa kumshauri jaji walikuwa Wakikuyu. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mjane wake, mama Mukami, alifariki Mei 2023 akiwa bado anaomba aonyeshwe mifupa ya mumewe akaizike.

Je, ngati wote walikuwa wasaliti? Hatuwezi kusema hivyo, na tukisema tutakuwa tumewatukana nusu ya waliokaa kwenye viti hivi. Wengine waliingia kwa tamaa, ni kweli, na walitajirika. Wengine waliingia kwa imani yao ya Kikristo, wakikataa kiapo. Wengine kwa sababu baba alikuwa amekatwa na panga usiku. Na kuna nyumba nyingi ambazo ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine akashika mkuki wa serikali, ili vyovyote itakavyokuwa, boma lisifutike. Vilevile si kila aliyekula kiapo alikula kwa kupenda. Watu walikuwa katikati ya mawe mawili ya kusagia.

Katikati ya 1954 serikali iliamua kuwatoa watu wote mashambani na kuwaweka vijijini. Katika muda wa mwaka mmoja na kitu, watu zaidi ya milioni 1 wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Mliokuwa watoto mnakumbuka kuliko sisi tunavyoweza kusoma. Nyumba za zamani zilichomwa. Waliojenga hizo mpya ni akina mama, kwa sababu wanaume walikuwa msituni, kambini Manyani na Mwea, au kaburini. Ni akina mama tena waliochimba ule mtaro mrefu kando ya msitu uliojazwa miti iliyochongwa, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Asubuhi kazi ya lazima, jioni saa moja mbili ya kutafuta chakula shambani, kisha filimbi na kafyu. Katikati ya kijiji ilikuwa ngome ya ngati.

Na wakati watu wamefungiwa hivyo, mashamba yalipimwa.

Hapa tunawaomba muwe makini, kwa maana mengi mnayogombania yametoka hapa. Mpango wa serikali, ulioitwa kwa jina la Roger Swynnerton wa idara ya kilimo, ulitolewa mwaka wa 1954. Ulisema Mwafrika aruhusiwe kupanda kahawa na mazao mengine ya kuuza, afuge ng'ombe wa gredi, na apewe shamba moja lenye hati badala ya vipande vilivyotawanyika. Ukiutazama wenyewe si mpango mbaya. Mtu alikuwa na vipande sita saba, kimoja bondeni, kingine mgongoni, anamaliza siku akitembea. Hata kabla ya hali ya hatari, huko Tetu Kaskazini katika eneo la Chifu Muhoya, watu walikuwa wameanza kuunganisha mashamba kwa hiari. Kahawa na maziwa ndiyo yaliyosomesha watoto wa wilaya hii. Tusikatae hilo.

Ubaya ulikuwa wakati na waliokuwapo. Kazi ile wazee wetu huiita dimakesheni. Vipande vya mtu vilipimwa, ekari zikajumlishwa, sehemu ikakatwa kwa ajili ya barabara, shule, soko na kijiji, halafu akaonyeshwa shamba moja. Lililokuwa zuri au baya, karibu na barabara au kwenye mteremko wa mawe, liliamuliwa na kamati ya wazee mbele ya chifu na DO. Nani alikuwa kwenye kamati? Waliohesabiwa watiifu. Nani hakuwapo kusema "hapo ni kwetu"? Waliofungwa na waliokuwa msituni. Mke angesema, lakini nani angemsikiliza mke wa mtu wa msituni? Tena kulikuwa na sheria ya 1953 ya kunyang'anya ardhi ya viongozi wa wapiganaji. Na mwaka wa 1957 sheria nyingine ikasimamisha kesi za ardhi katika sehemu zilizokuwa zikipimwa, ili kazi isicheleweshwe. Mtu alirudi kutoka kambini, akakuta bikoni za mwingine, na korti imefungwa.

Murang'a mambo yaliharibika kiasi kwamba serikali yenyewe ililazimika kurudia kupima sehemu kubwa mnamo 1960 na 1961. Kwetu Nyeri haikurudiwa hivyo.

Kisha karatasi ikafunga yote. Sheria ya ardhi ya 1963, ambayo tuliitumia mpaka 2012, ilisema kwamba uandikishaji wa kwanza haubatilishwi hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Rudieni maneno hayo polepole. Hata kama ulipatikana kwa udanganyifu! Ndiyo maana yule mzee wa bomba hakwenda kortini. Alishika kile kidogo alichoweza kushika, ruhusa ya bomba kupita.

Walioumia kimya kabisa walikuwa ahoi. Mwenye shamba aliandikwa jina, muhoi hakuandikwa popote. Baada ya 1960 wenye mashamba walibomoa nyumba za kijijini wakaenda kujenga kwao. Ahoi, wajane wasio na mtetezi na watu wa msituni walibaki kijijini, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Wajukuu wao wako hapo mpaka sasa, katika ploti ambazo kuku akivuka ni kesi. Tukisikia mtu akiwaita "watu wa kijiji" kwa dharau huwa tunachukizwa. Wengi wao ni uzao wa watu waliopigania hiyo ardhi.

Uhuru ulipokuja tuliambiwa tusahau yaliyopita. Mashamba ya masetla kule Kieni na Nyandarua yaligawanywa, mengine kwa mikopo ya serikali, mengine yakanunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika. Lakini kununua kunataka pesa, na pesa alikuwa nayo aliyekuwa na kahawa, duka, au cheti cha utiifu kilichomruhusu kusafiri na kufanya biashara wakati wenzake wamefungiwa. Cheti hicho ndicho kilichotakiwa hata kupiga kura mwaka wa 1957. Chama cha Mau Mau kiliendelea kuwa marufuku kisheria mpaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Ni Juni 2013 serikali ya Uingereza iliposema inasikitika kwa mateso ya kambini, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Fedha hizo zilikuwa za mateso. Hazikugusa hata nchi moja ya shamba.

Akina mama ndio hawakukaa kungoja. Wale wale waliochimba mtaro pamoja kwa kulazimishwa, walipofunguliwa walianza kufanya kazi pamoja kwa kupenda, kama ngwatio ya zamani. Katika miaka ya 1960 vikundi vya akina mama wa Nyeri vililima kwa malipo, vikaweka mchango wa mzunguko, vikanunua mabati, leo kwa huyu kesho kwa yule, mpaka nyasi zikatoweka juu ya nyumba. Mke wa ngati na mke wa mtu wa msituni walipigiliana misumari. Wanaume walikuwa bado hawasalimiani.

Na kuna jambo jingine la Nyeri ambalo bado tunalitafakari. Mei 2015 Sista Irene Stefani, Mwitaliano aliyefia Gikondi mwaka wa 1930 na ambaye watu walimwita Nyaatha, alitangazwa mwenye heri. Ibada ilifanyika katika uwanja wa chuo kikuu kinachoitwa kwa jina la Dedan Kimathi, chuo kilichoanza miaka ya 1970 kwa harambee ya watu wa hapa. Umati ule ulikuwa na wajukuu wa pande zote tulizozitaja leo, na walikaa kwenye nyasi moja.

Sasa ya kazi.

Kikundi kikitaka kupitisha bomba au kununua kiwanja, katibu aende ofisi ya ardhi akafanye sachi, lakini kabla ya hapo kamati iende kwa wazee wa pale iulize shamba lilikuwa la nani kabla ya dimakesheni. Sachi inakuambia jina tu. Mzee atakuambia ugomvi. Maneno yake yaandikwe kwenye daftari la mikutano, na yeye aone yakiandikwa. Wazee watatu tuliowasikiliza hivyo, wawili waliruhusu bomba bila kudai chochote. Wa tatu bado anakataa, na tumepitisha bomba kwingine.

Sheria nayo imebadilika. Tangu 2012 hati inaweza kupingwa kortini ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu au kwa njia isiyo halali. Na Oktoba 2018 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyotoka Meru, ikasema kwamba mtu aliyeandikwa kwenye hati anaweza kuwa ameishika ardhi kwa niaba ya familia au ukoo, ingawa hati haisemi hivyo. Anayedai ni lazima aonyeshe kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo, kwamba yeye ni wa ukoo huo na si wa mbali mno, kwamba angeandikwa yeye kama si jambo fulani kuzuia, na kwamba anayemdai ni mtu wa ukoo huo huo. Kwa hiyo haimsaidii kila mtu. Muhoi haimfai. Aliyenyang'anywa na mtu wa ukoo mwingine itakuwa vigumu. Tusidanganyane, na msimpe pesa wakili anayewaahidi kurudisha mlima mzima. Lakini ndugu ambaye baba yake alikuwa Manyani wakati mdogo wake anaandikwa, huyo aende akaulize.

Akina mama, shamba la ndoa haliuzwi wala haliwekwi rehani bila mke kukubali. Kikundi kisikubali dhamana ya hati mpaka mke amekuja mwenyewe mkutanoni na kusema. Na zile hati za babu, urithi upelekwe kortini wakati mashahidi bado wanapumua. Kila mwaka tunazika mtu aliyejua mpaka.

Kwa wa vijijini: vijiji kadhaa vimepimwa miaka ya karibuni na watu wameanza kupewa hati, vingine bado. Andikeni orodha ya nyumba zote, nani yuko wapi na tangu lini, pamoja na wajane na walio Nairobi, kabla mpimaji hajafika. Orodha ikiandikwa na watu watatu usiku, mtakuwa mmerudia 1956. Isomwe mbele ya wote, mchana.

Tumesema mengi na chai inapoa. Tunaanza na maswali ya watu wa Kieni, kwa sababu gari lao linaondoka saa nane.